Kopo la Risiti

Sumbawanga ya Julai haina mchezo. Jua likishazama, baridi inateremka kutoka milima ya Mbizi na kuingia hadi kwenye mifupa, na mwenye akili husogea motoni bila kungoja kukaribishwa. Ndivyo tulivyojikuta watano kwenye moto mmoja, jioni ya arobaini ya babu yetu, wageni wengi wameshaondoka, masufuria yameshaoshwa. Mjukuu mmoja, dereva wa lori la mahindi kati ya hapa na Tunduma, akatoka ndani na kopo la Kimbo lililoshika kutu. Alilikuta chini ya kitanda cha marehemu.

Akamwaga vilivyomo juu ya mkeka. Risiti za kodi, zimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Kadi ngumu yenye miraba midogo thelathini, karibu yote ina alama. Medali ya Bikira Maria. Shilingi moja ya Mfalme George wa Sita, simba upande wa pili. Na bonge jeusi, dogo kama ngumi ya mtoto lakini zito kuliko umbo lake.

Pamoja na huyo Dereva tulikuwepo Bibi, mjane wa marehemu, anayehesabu umri wake kwa nzige. Mwalimu, aliyefundisha historia sekondari hadi akastaafu. Katekista, naye mstaafu, ingawa sijawahi kuona katekista anayestaafu kweli. Na mimi, niliyekuja kwa ajili ya misa nikabaki kwa ajili ya maneno. Majina nimeyaacha huko huko motoni.

Dereva ndiye aliyeyaanzisha.

DEREVA: Sasa huu ndio urithi? Mzee ametunza miaka yote hii ushahidi wa kunyonywa kwake! Wahehe walipigana. Wamatumbi walipigana na maji tu mkononi. Sisi je? Tulipanga foleni, tukalipa, tukasubiri risiti.

MWALIMU: Foleni unayoijua wewe ni ya kituo cha mafuta, kijana wangu. Risiti ile haikutunzwa kwa mapenzi. Askari akikukuta njiani huna, kodi unailipa kwa mgongo: utachimba barabara, utabeba mizigo, na mkeo atakuletea chakula. Babu yako alitunza karatasi kama wewe unavyotunza leseni.

DEREVA: Leseni yangu nimeiomba mwenyewe.

MWALIMU: Hapo umenishika. Lakini twende taratibu. Mfipa wa 1898 hakulala na amani akaamka akamkuta Mdachi mlangoni. Alikuwa ametoka kwenye nusu karne ya tabu. Wangoni wa Zwangendaba waliingia hapa miaka ya 1840, na Zwangendaba mwenyewe alifia Mapupo, humu humu Ufipa. Wakaja wenye misafara ya pembe na watumwa. Akaja Kimaraunga kule Lyangalile, anateka watu kwa bunduki, mpaka Wissmann alipompiga mwaka 1893. Katikati ya hayo sotoka ikafagia ng'ombe. Sasa mtu aliyekuondolea Kimaraunga, utamrushia mkuki wiki hiyo hiyo?

DEREVA: Kumbe tulimshukuru!

MWALIMU: Tulipumua. Kisha ikaja bili.

Bili yenyewe inajulikana. Wadachi walitoa amri ya kodi ya vibanda mwaka 1897, wakaanza kutoza 1898: rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Ngome yao ya pande hizi ilikuwa Kasanga, ziwani, nao wakaibatiza Bismarckburg, kwa heshima ya mzee ambaye hakuwahi kuonja hata migebuka wa huko. Ufipa ulikuwa na ulezi, maharage, samaki, nguo, majembe ya chuma. Rupia haukuwa nazo. Rupia haioti kwenye tuta, na hilo ndilo lililokusudiwa.

MWALIMU: Darasani nilikuwa napenda kuwapeleka wanafunzi Peru. Wahispania kule walikuwa wababe wasiojificha. Mwaka 1573 walipanga kwamba kila mwaka mwanaume mmoja kati ya saba apelekwe kwenye mgodi wa fedha wa Potosí. Utaratibu huo waliuita mita. Mdachi, na Mwingereza baada yake, hawakuhitaji kuhesabu mmoja kati ya saba. Walitia kodi, wakakaa kivulini, na mtu akajipeleka mwenyewe.

DEREVA: Na hao wa Peru walifanya nini?

MWALIMU: Unataka niseme walipigana. Wapo waliopigana. Lakini wengi walifanya kama watu wa mpakani kwetu: walihama. Waliacha vijiji vyao wakaenda kuishi ugenini kama wageni, kwa sababu mgeni hakuwemo kwenye daftari la mita.

Hapo Katekista, aliyekuwa kimya akichokoa moto, akacheka. Yeye ni mtu wa upande wa Matai, karibu na mto Kalambo, na mto huo ndio mpaka wa nchi.

KATEKISTA: Mpaka ule ulichorwa Berlin tarehe 1 Julai 1890. Wamambwe na Walungu walilala ndugu, wakaamka nusu Wadachi, nusu Waingereza. Lakini mstari una faida yake. Wazee wetu wakisikia karani anakuja kuhesabu vibanda, wanakwenda kusalimia wajomba ng'ambo. Karani anakuta majivu ya moto na kuku wawili.

DEREVA: Na ng'ambo hakukuwa na kodi?

KATEKISTA: Ilikuwepo! Kampuni ya Rhodes nayo ilikuwa imeanza kutoza ya kwake. Ndipo ikawa zamu ya wajomba kuja kutusalimia sisi.

DEREVA: Hiyo ni kukimbia, Mzee. Kukimbia si kupambana.

Nikiri kwamba hapa nilikuwa upande wa Dereva, japo sikusema. Sisi tuliosomeshwa baada ya Uhuru tumelishwa historia ya mashujaa wenye mikuki, na pasipokuwepo mkuki tunaona aibu, kana kwamba eneo zima lilikwenda kulala. Mkoa wa Rukwa hauna Mkwawa wake wa kuwekwa kwenye vitabu. Wageni wanaokuja huku bado hurudi wakisema Wafipa ni wapole, na sisi wenyewe tunaipokea sifa hiyo kama mtu anavyopokea shati lililombana: tunashukuru, lakini hatuinui mikono.

Bibi ndiye aliyeinua mkono. Aliinyoosha fimbo yake akaigusa ile kadi yenye miraba.

BIBI: Hii unaijua, mjukuu wangu?

DEREVA: Kipande cha mkonge.

BIBI: Haya, kisome.

Hakikuwa na mengi ya kusomeka. Kipande cha mkonge kilikuwa na siku 30, na kila siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama. Ukiugua, mraba unabaki mtupu. Ukishindwa kumaliza fungu lako la majani, mraba unabaki mtupu vilevile, hata kama umeshinda shambani hadi jioni. Mshahara ulitoka kipande kikijaa. Kwa hiyo mwezi wa mkonge haukuwa mwezi wa kalenda wala wa mbinguni. Ulikuwa mwezi wa mgongo wako.

BIBI: Babu yenu alikwenda Tanga tuna mtoto mmoja. Lori la Silabu liliwachukua hapa, wamejaa kama magunia. Kila mtu amepewa namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mtu ana jina la ubatizo na jina la babu yake, anakwenda kuitwa namba! Aliporudi alikuwa na blanketi, sufuria mbili, na kikohozi.

MWALIMU: Silabu ni shirika la wenye mashamba ya mkonge la kutafuta vibarua, lilianza 1944. Kabla yake watu walikuwa wakienda kwa miguu. Wengine Lupa, Chunya, kwenye dhahabu. Wengine Rhodesia ya Kaskazini, kwenye shaba. Serikali ya Kiingereza haikuona haja ya kuleta huku reli wala mashamba makubwa ya biashara. Iliona watu. Ufipa ukawa ghala la mikono.

DEREVA: Sasa ndicho ninachosema. Ghala! Wanachotwa tu.

BIBI: Wewe unazungumza habari za waliokwenda. Hujaniuliza nani alibaki.

Akajisogeza mbele ya moto, akavuta majivu kwa kiganja, akaanza kutujengea tuta. Nimeliona tuta la Kifipa tangu utoto, lakini sikuwahi kuelezwa. Mvua zikiwa bado zinanyesha, nyasi zimesimama mbichi, mwanamke anazilaza kwa jembe, anageuza udongo juu yake, anazungusha, anapandisha, mpaka panakuwa na kilima cha mviringo kinachomfika magotini. Ndani ya kilima nyasi zinaoza. Juu yake anapanda maharage. Msimu unaofuata anakibomoa kilima, anatandaza ule udongo mweusi, na hapo ndipo ulezi unapopandwa. Wataalamu wa kilimo waliofika baadaye na habari za mboji walikuta mboji imeshatiwa ardhini, imefunikwa vizuri, na hakuna aliyewangoja.

BIBI: Moja. Halafu jingine. Halafu jingine. Mume yuko Tanga, tuta halijui kwamba mume yuko Tanga. Na ulezi, ukiutia ghalani umekauka vizuri, unakaa miaka, mdudu hauwezi. Mahindi haya mnayoyabeba kwenye malori, msipoyatia dawa mpaka Desemba yamekuwa unga wa dumuzi. Mama yangu alikuwa na ghala la ulezi hatuligusi. Tunaliangalia tu. Nzige walipokuja, tuliligusa.

Nzige wa Bibi ni wale wekundu, walioitesa karibu Afrika yote ya kusini na mashariki kuanzia 1930 hivi hadi 1944, na bonde la Rukwa ni mojawapo ya mahali wanapozaliana. Mwaka 1949 nchi zilizotawaliwa na Wazungu zilianzisha shirika la kimataifa la kuwadhibiti, makao yake Abercorn, Mbala ya leo. Bibi anayo historia fupi zaidi.

BIBI: Walikula shamba, sisi tukawala wao. Baadaye wakaja na dawa, nzige wakafa, na waliokufa hawaliki. Tukapoteza shamba na mboga.

Tulicheka, hata Dereva. Lakini hakuachia.

DEREVA: Bibi, sikatai kwamba mlifanya kazi. Nasema kazi hiyo ilimsaidia mkoloni. Angewalipaje manamba hela kidogo vile, kama mke na watoto hawali kwenye tuta lako? Wewe ndiye uliyekuwa unajazia mshahara.

Moto ulilia kidogo. Mwalimu alimtazama Dereva kwa jicho la mwalimu aliyegundua kuwa mwanafunzi wa nyuma alikuwa anasikiliza.

MWALIMU: Hilo wasomi wameliandikia vitabu vizima, wewe umelisema umeshika kikombe cha chai. Ni kweli. Kodi ilimtoa mwanaume, shamba la mwanamke likamfanya mwanaume awe rahisi. Kwa hiyo tufanyeje? Asilime, watoto wafe, ili mkonge upande bei?

DEREVA: Sikusema hivyo.

MWALIMU: Najua. Lakini ndipo hoja yako inapokwenda kulala.

Hapa Katekista aliona nafasi yake. Kwa muda alikuwa anaigeuzageuza ile medali mkononi.

KATEKISTA: Mnazungumza kana kwamba watu walikuwa peke yao. Walikuwepo Mapadre Weupe. Karema walipokea ngome kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka huko wakaenea hadi Kirando, Kate, Zimba, Mwazye. Watu waliokombolewa utumwani walipata pa kukaa. Na Atiman je? Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akaibwa mtoto, akauzwa, akakombolewa, akasomeshwa Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akatibu watu mpaka alipokufa 1956. Miaka 67! Alizaliwa mbali, akaoa hapa, akazikwa hapa. Serikali ilileta askari. Misheni ilileta daktari.

MWALIMU: Daktari Mwafrika, sema hivyo. Na pia ilileta kengele. Misheni nayo ilihitaji watu wa kufyatua matofali, Mzee wangu, na makanisa yale makubwa hayakujijenga.

KATEKISTA: Tulijenga kwa imani.

MWALIMU: Na kwa viboko kidogo pale imani ilipopungua. Msinichukulie vibaya, mimi mwenyewe nimesomeshwa na mapadre, Kilatini changu bado kipo. Ninachosema ni kwamba wazee wetu waliitumia misheni kama walivyoitumia ng'ambo ya Kalambo. Mtoto wa Kifipa hata zamani hakulala kwa wazazi akishakua kidogo. Alilala kwa bibi yake au na wenzake. Padre alipokuja na bweni, mzazi hakuona ajabu. Akamkopesha mtoto, akapata ndani ya boma la Wazungu mtu anayejua kusoma risiti.

KATEKISTA: Alimkopesha! Mtoto alibatizwa!

MWALIMU: Alibatizwa, na risiti alisoma.

Wangeendelea hivyo hadi asubuhi, kwa sababu ugomvi wao huo una umri wa miaka 30 na wote wawili wanaupenda. Nikaupinda. Nikaliokota lile bonge jeusi nikamuuliza Dereva ni kitu gani. Akasema jiwe. Katekista akanipokonya, akalipima uzito, akalisogeza kwenye mwanga.

KATEKISTA: Jiwe gani lina mapovu? Haya ni mavi ya chuma.

Na hapo, kwa mara ya kwanza usiku huo, wazee wote watatu walizungumza sauti moja, wakipokezana, huyu akisahau yule anakumbusha. Tanuru la Kifipa, ilungu, lilikuwa refu kuliko mtu, la udongo wa kichuguu, limetobolewa chini kuzunguka na kuwekwa mirija ya udongo. Halikuvukutwa. Upepo wenyewe ulivutwa na moto, ukaingia kwa chini na kupanda ndani, siku kadhaa usiku na mchana, juu ya mkaa na mawe yenye chuma. Kilichotoka kilikuwa bonge lisilo safi, nalo likahamishiwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, hadi kikapatikana chuma cha kufua jembe. Mkuu wa kazi alikuwa na kikapu chake cha dawa, intangala. Tanuru lilitunzwa kama bibi harusi, na wafua chuma walijitenga na wake zao mpaka limezaa.

BIBI: Babu yake babu yenu alikuwa mmoja wao. Bonge hilo ni la kwake.

Profesa Bertram Mapunda ameyachunguza malungu haya kwa miaka, na vichakani kule Nkasi yapo ambayo bado yamesimama. Kabla yake, mwaka 1914, padre mmoja wa huku aitwaye Wyckaert alichapisha makala juu ya wafua chuma wa Ufipa. Nikimtaja huwa nakumbuka kichwa chake: wahunzi wapagani na wahunzi Wakristo. Chuma ni kimoja, jembe ni moja, lakini tayari kulikuwa na mafungu mawili ya watu kuzunguka moto ule. Lakini chuma hakikuwa cha kwanza kufa: nguo ndiyo iliyotangulia. Livingstone alipopita mwaka 1872 na Joseph Thomson mwaka 1880, wote waliwakuta watu wa Ufipa wakifuma pamba yao wenyewe. Vitambaa vya dukani vikavuta kamba taratibu, majembe ya dukani yakafuata, na kizazi kilichokuwa kikikata miti ya mkaa wa ilungu kikawa kinakata majani ya mkonge Tanga.

DEREVA: Nani alipiga marufuku?

MWALIMU: Duka lilitosha. Jembe la Ulaya lilikuwa jepesi, na halikudai ujitenge na mkeo. Na mwanaume wa kushinda siku kadhaa akilisha tanuru yuko wapi? Yuko kwenye lori.

DEREVA: Basi hapo ndipo mlipopaswa kupigana.

Hakuna aliyemjibu. Swali lake silidharau. Mtu hupigania shamba lake likivamiwa, hupigania ng'ombe wake wakiswagwa. Lakini mtu hupiganiaje ujuzi unaomtoka kidogo kidogo, mwaka huu jembe moja la dukani, mwakani mawili, na kila mara anayenunua ni mkewe mwenyewe, kwa sababu ya mgongo wake? Nikiulizwa mimi hasara kubwa ya Ufipa chini ya wageni ilikuwa ipi, sitataja kodi. Nitashika bonge hili. Watu waliishi, mikono yao ya zamani haikuishi.

Mwalimu alijaribu kupoza. Akakumbusha kwamba vita vilikuja hata bila sisi kuviita: Juni 1916 Waingereza waliichukua Bismarckburg, na tarehe 25 Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha zake Abercorn, hapo jirani. Kati ya tarehe hizo wanaume wa pande hizi walibebeshwa mizigo na jeshi hili na lile, na mjini Dar es Salaam kumbukumbu ya wapagazi wale imebaki kuwa soko, Kariakoo. Akakumbusha pia kwamba tabu ikikosa pa kutokea hugeukia jirani. Miaka ya 1930 walipita hapa wachapi, waliotokea Nyasa, wakiwanywesha watu dawa ya kufichua wachawi, na sheria ya uchawi ya 1928 haikuweza kuwazuia. Wakarudi tena kwa jina la kamchape mwaka 1963 na 1964, Uhuru ungali mbichi. Jina la mji wetu wenyewe, Sumbawanga, lina maana ya tupa uchawi wako. Mgeni akilisikia hucheka. Mimi huwaza ni hofu ya kiasi gani ilihitajika hadi mji ukaitwa amri.

Bibi hakuwa akisikiliza. Alikuwa anazifungua zile risiti moja moja, anazisogeza mbali na macho, kisha karibu. Ya nne au ya tano akamkabidhi Dereva.

BIBI: Hii ya mwaka gani?

DEREVA: Hamsini na... tatu. Au nne. Mkunjo umekula.

BIBI: Jina?

Dereva akasoma jina la babu yake, lote, na la ukoo.

BIBI: Alikuwa amelala. Mwaka ule hakutoka kitandani, kile kikohozi cha Tanga. Akipanda ngazi mbili anashika ukuta. Karani akatuma mtu: kodi. Nikasema mgonjwa. Akasema boma haliugui. Basi ulezi tuliouweka wa kula nikautoa nusu, nikauotesha kimea, nikapika kimpumu. Siku ya pombe nikaweka vyungu uani, watu wakaja na mirija yao, mimi na mama mkwe tunapokea senti kwenye kibuyu. Wengine wakanywa kwa deni, na mmoja hajalipa mpaka amekufa. Nikafanya mara tatu, mpaka ikatimia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatembea mpaka kwa karani, kutoka alfajiri mpaka jua limesimama. Nikamwaga senti mezani. Akahesabu, akahesabu tena, kwa sababu zilikuwa nyingi na ndogo. Akaandika. Nikamwambia, aliyelipa ni mimi. Akasema, Mama, kwenye daftari humo.

KATEKISTA: Na msimu ule mlikula nini?

BIBI: Nusu.

Akalitamka hivyo hivyo, neno moja, akavuta khanga mabegani.

Dereva aliishika ile risiti muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusomwa. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakulipanga: kwamba yeye akifika mizani na makaratasi ya lori, jina la kwenye kadi ni la tajiri yake, jina la kwenye faini ni la tajiri yake, lakini anayelala chini ya lori likikwama ni yeye. Mwalimu akafungua mdomo apate kulipeleka lile Potosí, akaufunga. Nilimshukuru.

MWALIMU: Kodi ya kichwa haikuondoka na Mwingereza, lakini. Tumezeeka nayo chini ya majina mengine. Ile ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Huyu kijana alikuwa ameshazaliwa.

DEREVA: Nakumbuka Baba akilala shambani mgambo wakija.

KATEKISTA: Basi na baba yako alikwenda kusalimia wajomba.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Dereva alikuwa na tani za mahindi za kuondoka nazo saa kumi alfajiri, na lami ya Tunduma, kwa uzuri wake wote, haimsamehe anayesinzia. Mwalimu akaomba kopo lote, alipeleke kwenye shule yake ya zamani, watoto waone kipande cha kweli badala ya picha. Katekista alitaka medali ibaki kwa familia. Wakaanza kubishana tena, kwa sauti ya chini, kama watu wanaovuta blanketi moja.

BIBI: Chukueni kopo. Chukueni na hilo jiwe lenu la mapovu, na kipande. Medali mpeni huyu wa lori aifunge kwenye kioo.

MWALIMU: Na risiti, Bibi?

BIBI: Hizo nyingine chukua.

Alikuwa ameshafungua pindo la khanga yake. Ndani mlikuwa na noti ya elfu mbili na vidonge viwili vya presha. Akaikunja ile risiti ya hamsini na tatu, au nne, kwa mikunjo ile ile ya zamani, akaiweka juu ya noti, akakaza fundo kwa meno, kisha akanyoosha mkono Dereva amsaidie kuinuka.